Kumpima mgonjwa wa moyo kitandani: mwongozo wa muuguzi anayeanza

Kila kundi jipya la wanafunzi likiingia wodini, maswali ni yale yale. Presha ya mashine na ya stetoskopu zimepishana, niandike ipi? Mapigo nihesabu kwa sekunde ngapi? Mgonjwa kavimba miguu, nimwinulie au nimwache? Majibu haya nimeyatoa kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo nayaweka hapa kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa umesimama kando ya kitanda.

Viwango nilivyoandika ni vya mtu mzima. Watoto na wajawazito wana vyao. Na kama utaratibu wa hospitali yako unatofautiana na ninachosema, fuata wa hospitali.

Kitu cha kushika kabla ya yote: namba moja peke yake haikuambii mengi. Presha ya 110/70 ni nzuri kwa mtu aliyeizoea, lakini kwa mgonjwa aliyekuwa 170/100 jana jioni, ambaye sasa ana jasho baridi, ni habari mbaya kabisa. Unachokitafuta ni badiliko.

Andaa hivi kwanza

- Saa yenye mshale wa sekunde. Simu haifai: mkono mmoja uko kwenye mapigo, na simu ni chombo kichafu.
- Stetoskopu yenye pande mbili, diaframu (upande bapa) na kengele (upande wa kikombe kidogo).
- Mashine ya presha yenye mikanda ya saizi mbili au zaidi.
- Oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu) na kipimajoto.
- Mizani, utepe wa kupimia na kalamu inayoandika kwenye ngozi.
- Chati ya leo pamoja na ya jana.

Nawa mikono, vuta pazia, jitambulishe, mwombe ruhusa. Pasha stetoskopu joto kiganjani, maana chuma baridi kifuani humshtua mtu na mapigo unayotaka kuyahesabu yanaruka.

Hatua ya 1: Soma faili

Angalia amelazwa kwa nini, anatumia dawa gani, na vipimo vyake vya saa 24 zilizopita vilikuwaje. Muulize muuguzi unayempokea zamu swali moja la ziada: "Kuna kitu chochote kwake kilichokutia wasiwasi?" Wauguzi wazoefu huona mambo ambayo bado hawajapata pa kuyaandika kwenye chati.

Hatua ya 2: Mtazame kabla hujamgusa

Simama upande wa miguuni, mpe nusu dakika ya macho yako. Amelala vipi? Mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu hapendi kulala chali. Utamkuta ameegemea mito mitatu, au amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mikono imeshika godoro. Ukimuuliza atasema, "Sijambo, nesi," kisha anavuta pumzi kabla ya kumalizia sentensi. Hesabu maneno anayoyatamka kwa pumzi moja; hilo ni moja ya vipimo vya bei rahisi kabisa ulivyonavyo.

Angalia rangi. Kwenye ngozi nyeusi, midomo kwa nje inadanganya, hivyo tazama ulimi, ndani ya mdomo, ndani ya kope la chini na viganja. Angalia jasho. Angalia pia kama amechanganyikiwa: mzee aliyekuwa akipiga soga jana na leo hajui yuko wapi, huenda ubongo wake haupati damu ya kutosha. Usiharakishe kusema ni uzee.

Hatua ya 3: Uliza, halafu nyamaza

Kuhusu maumivu: yako wapi, yalianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, yanaelekea wapi, kuna kinachoyapunguza? Maumivu ya moyo kukosa damu mara nyingi hayaelezwi kama "kuchoma." Watu husema kifua kinabana, kimelemewa, kuna kitu kizito, wengine hukunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua bila hata kujua wamefanya hivyo. Yanaweza kupanda shingoni, kwenye taya, au kushuka mkononi.

Onyo: wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua ya kueleweka. Kinachowaleta ni kuishiwa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au maumivu ya tumbo la juu. Ukisubiri wakunje ngumi kifuani utachelewa.

Kuhusu pumzi, usiulize "Unapumua vizuri?" Atakujibu ndiyo. Uliza: unalalia mito mingapi? Unaamka usiku ukitafuta hewa? Mwezi uliopita ulikuwa unapanda ngazi bila kusimama, na sasa je? Halafu ulizia moyo kwenda mbio, kizunguzungu, kuzimia, kukojoa usiku, na dawa anazotumia kweli nyumbani, tofauti na zile zilizoandikwa.

Hatua ya 4: Mapigo

Weka vidole viwili au vitatu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako. Kina mapigo yake mwenyewe. Mgonjwa wa moyo mhesabie dakika nzima. Ile njia ya sekunde 15 mara 4 inafaa kwa mtu mwenye mapigo ya mpangilio, na hapa hujui bado kama anao.

Kawaida ni mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Andika vitu vitatu: idadi, mpangilio, nguvu. "88, hayana mpangilio, hafifu" ni taarifa. "88" ni nusu ya taarifa.

Ukikuta mapigo yanakwenda ovyo, sikiliza moyo wenyewe. Tafuta nafasi ya tano kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Mwenzako ahesabu mkononi na wewe uhesabu kifuani, kwa dakika ile ile. Kama kifuani ni 112 na mkononi ni 90, kuna mapigo 22 ambayo hayana nguvu ya kufika mkononi. Andika zote mbili.

Hatua ya 5: Presha

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na karibu yote hutokea kabla mkanda haujajazwa hewa.

Mgonjwa awe amepumzika dakika 5, na asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa au kufanya mazoezi ndani ya nusu saa iliyopita. Kibofu kiwe kitupu. Kama amekaa, mgongo uegemee, nyayo ziwe sakafuni, miguu isipishane. Mkono uwe wazi bila nguo, umeegeshwa juu ya kitu, usawa wa moyo. Mkono ukining'inia chini, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Ukiwa juu ya moyo, husomeka chini. Na msiongee.

Mkanda: mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha kwa uongo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko.

Sasa pima:

1. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza hewa hadi yapotee. Kumbuka namba hiyo. Toa hewa yote, subiri kidogo.
2. Weka stetoskopu kwenye mshipa wa ndani ya kiwiko, isiingie chini ya mkanda.
3. Jaza hewa hadi 30 juu ya ile namba.
4. Achia taratibu, milimita 2 kwa sekunde.
5. Mlio wa kwanza ni presha ya juu. Pale milio inapopotea kabisa ndipo presha ya chini.

Usiruke namba 1. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye presha kubwa, milio hupotea katikati kisha hurudi. Ukijaza hewa hadi 160 kwa mazoea tu, unaweza kuangukia kwenye ule ukimya na kuandika 150 kwa mtu mwenye 200.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu endelea kutumia ule wenye namba kubwa. Tofauti ya zaidi ya 15 kati ya mikono ijulishwe. Usipime kwenye mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha damu, wala upande ambao titi liliondolewa pamoja na tezi za kwapani.

Neno dogo kuhusu ukweli: kipimo cha mashine ya kusukuma kwa mkono kimegawanywa kwa 2: 132, 134, 136. Nikikuta 135 kwenye chati iliyojazwa kwa mashine hiyo, najiuliza ilisomwa wapi. Na chati yenye 120/80 mara sita mfululizo haimdanganyi mtu yeyote.

Mgonjwa mwenye kizunguzungu, mpime akiwa amelala dakika 5, halafu akisimama dakika ya 1 na ya 3. Presha ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, mwambie asiinuke peke yake, kisha utoe taarifa. Simama karibu naye wakati wa kipimo hiki, huku kitanda kikiwa nyuma ya magoti yake.

Hatua ya 6: Pumzi na oksijeni

Hesabu pumzi kwa dakika nzima huku ukijifanya bado unapima mapigo. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha anavyopumua. Kawaida ni 12 hadi 20. Mara nyingi hii ndiyo namba ya kwanza kubadilika mgonjwa anapoanza kuharibikiwa, na ndiyo inayobuniwa kuliko zote kwenye chati.

Oksimita iwekwe kwenye kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha, kwenye mkono ambao hauna mkanda wa presha unaojaa hewa. Jua pia kwamba kwenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi. Kwa hiyo asilimia 93 na mgonjwa anahema ni shida, hata kama kioo kimetulia.

Hatua ya 7: Shingo

Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, mgonjwa ageuze uso kidogo kushoto. Tafuta mshipa unaochezacheza upande wa kulia wa shingo. Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, unaihisi kwa kidole. Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, unaiona tu, na ukibonyeza polepole juu ya mtulinga mchezo wake hupotea. Pima urefu wa wima kutoka kwenye ile nundu ya mfupa wa kidari, mahali ubavu wa pili unapoungana nao, hadi pale mchezo wa vena unapoishia juu. Zaidi ya sentimita 3 hadi 4 maana yake damu imejaa upande wa kulia wa moyo. Usipoiona, andika "haikuonekana." Hilo halimaanishi ni ya kawaida.

Hatua ya 8: Sikiliza

Moyoni pita sehemu nne: nafasi ya pili ya mbavu kulia, ya pili kushoto, ya nne kushoto kando ya kidari, na ya tano kwenye mstari wa mtulinga. Kwa sasa kazi yako si kutaja jina la ugonjwa wa vali. Kazi yako ni kujua kama unasikia milio miwili safi, au kuna wa tatu, au kuna mvumo katikati. Mvumo ambao haukuwepo jana ni wa kuripoti leo.

Mapafu yasikilize mgongoni, kuanzia chini. Maji yakianza kukaa kwenye mapafu husikika mwisho wa kuvuta pumzi, kama nywele zinazosuguliwa kwa vidole karibu na sikio. Mwombe akohoe, usikilize tena. Sauti hizo zikibaki, andika zimepanda hadi wapi.

Hatua ya 9: Miguu na mzunguko wa damu

Bonyeza ukucha wa kidole kwa sekunde 5, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikizidi 3 kwenye chumba chenye joto, mzunguko ni hafifu.

Vua soksi. Bonyeza juu ya muundi na nyuma ya kifundo cha mguu kwa sekunde kadhaa. Shimo linabaki? Andika kina chake na uvimbe umeishia wapi: kifundoni, gotini au pajani. Chora mstari kwa kalamu, ili zamu ijayo isikisie. Mgonjwa asiyeinuka kitandani usimwangalie miguu pekee, maana maji hufuata upande wa chini. Mgeuze, ubonyeze mgongo wa chini juu ya makalio. Uvimbe mkubwa hujificha hapo huku miguu ikionekana mikavu.

Kisha linganisha miguu miwili. Hapa ndipo jibu la lile swali la kuinua au kutoinua lilipo:

- Mguu mmoja tu umevimba, una joto, shavu la mguu linauma: huenda kuna donge la damu kwenye vena. Usiukande wala usiruhusu ndugu waukande kwa mafuta. Pima mzunguko wa shavu la mguu sentimita 10 chini ya kile kinundu kilicho mbele, chini ya goti. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni ya kuripoti mara moja.
- Mguu ni wa baridi, umepauka, una ganzi, mapigo hayapo, unauma sana: damu haifiki. Usiuinue, usiuwekee chupa ya maji ya moto. Ita daktari sasa hivi, kila dakika ina thamani.
- Yote miwili imevimba taratibu na mgonjwa anapumua vizuri: inua.
- Yote miwili imevimba na anahema: mkalishe wima, miguu ishuke. Ukiinua unaurudishia moyo maji ambayo tayari umeshindwa kuyabeba.

Hatua ya 10: Uzito na maji

Pima kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, mizani ile ile, nguo zile zile. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, hata kama miguu bado haijavimba. Mkojo wa mtu mzima usipungue mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa: mtu wa kilo 60, mililita 30 kwa saa. Kwenye maji yaliyoingia hesabu pia uji, supu, drip na maji ya kumezea dawa.

Hatua ya 11: Kabla ya kutoa dawa

Digoksini (dawa ya kuupa moyo nguvu na kupunguza kasi yake): sikiliza moyo dakika nzima. Mapigo yakiwa chini ya 60, usitoe kwanza, mjulishe daktari. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, au kuona vitu vya manjano vinaweza kuwa dalili kwamba imezidi mwilini. Hatari huongezeka potasiamu ikishuka, na furosemidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo) inayotolewa pamoja nayo huishusha.

Naitrogliserini (dawa ya maumivu ya kifua inayotanua mishipa): pima presha kwanza. Presha ya juu ikiwa chini ya 90, usitoe. Muulize pia, pazia likiwa limefungwa na ndugu wakiwa nje, kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku mbili zilizopita. Uliza kwa sauti ya kawaida kama unavyoulizia panadoli. Dawa hizo mbili zikikutana, presha inaweza kuporomoka vibaya.

Warfarini na heparini (dawa za kuzuia damu kuganda): tazama fizi, mkojo, choo na michubuko mipya.

Usimalize hatua, ita msaada

Maumivu ya kifua yanayoendelea, kuhema huku akitoa makohozi ya povu la waridi, presha ya juu chini ya 90 pamoja na jasho baridi, 180/120 au zaidi pamoja na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, kuzimia, mdomo kwenda upande. Mkalishe wima kama anahema, au mlaze kama presha imeshuka, na usimwache peke yake. Mwenye maumivu ya kifua apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10. Oksijeni hapewi kila mwenye maumivu ya kifua. Hupewa ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 90 au anayepumua kwa shida.

Ukimpigia daktari, anza na tatizo: "Mgonjwa wa kitanda cha 4 anahema ghafla, pumzi 32, oksijeni 86, saa mbili zilizopita zilikuwa 20 na 95. Naomba uje." Historia ya ugonjwa ataisikia akifika.

Mambo yanapokwama

*Mashine na stetoskopu zinapishana.* Hesabu mapigo. Kama hayana mpangilio, mashine nyingi hukosea. Pima kwa stetoskopu mara mbili au tatu, chukua wastani, na uandike kwamba mapigo hayana mpangilio.

*Sisikii milio ya presha.* Hakikisha stetoskopu imegeuzwa upande sahihi. Kisha mwinue mkono juu ya kichwa kwa nusu dakika, jaza hewa ukiwa juu, ushushe, usikilize. Ikishindikana, andika presha ya juu kwa kugusa mapigo, na useme ulipima hivyo.

*Oksimita inasema 78 na mgonjwa anacheka na jirani yake.* Linganisha mapigo inayoonyesha na ya mkononi. Yakipishana, haisomi vizuri: pasha kidole joto, badilisha kidole, jaribu sikio. Yakilingana, amini namba, acha kuamini kicheko.

*Mapigo ya juu ya unyayo siyapati.* Watu wengine hawana tangu kuzaliwa. Tafuta nyuma ya kifundo cha ndani. Mguu ukiwa na joto na rangi inarudi haraka, andika na uweke alama ya X mahali ulipoyapata. Ukiwa wa baridi, rudi hatua ya 9.

*Mkojo umekoma ghafla kwenye mfuko.* Fuata mrija kwa mkono kuanzia kwa mgonjwa: umekunjwa, umelaliwa, au mfuko uko juu ya kitanda? Kama uko sawa na kibofu hakijajaa, hilo ni tatizo la moyo au figo, lisisubiri asubuhi.

*Uzito umepanda kilo 4 usiku mmoja.* Pima tena bila shuka na viatu, kisha angalia kama mizani inaanza kwenye sifuri. Ukipata namba ile ile, sikiliza mapafu kabla hujapiga simu, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.